Kabla Hujamwaga Hiyo Chupa Kwenye Giaboksi

Wasee, kila wiki naulizwa swali lile lile, kinachobadilika ni jina la gari tu. "Bro, asubuhi gari inachelewa kushika D, nimwage dawa gani?" "Bro, nikipanda Kangemi injini inalia lakini gari haiendi, kuna chupa nimeonyeshwa Grogan, ni poa?" "Kaka, mzee wangu ameambiwa giaboksi inataka kufunguliwa, lakini jamaa wa spea anasema chupa mbili zitamaliza hiyo story. Ni ukweli?"

Leo nawajibu wote kwa mpigo, tena kwa maandishi, kwa sababu hii haiingii kwa video ya dakika moja.

Msimamo wangu ni huu. Dawa ya giaboksi ya bei rahisi ina kazi yake, na ni kazi ndogo: magari machache, ugonjwa mmoja au miwili. Nje ya hapo inakula pesa na inakula muda, na kwa aina fulani za giaboksi inaharakisha kifo. Pesa inayoliwa huwa ni ya mtu ambaye hana pesa ya kutupa. Hilo ndilo linaniuma na ndilo limenifanya niandike.

Najua kuna mtu tayari anaandika pale chini: "Wewe si uliacha chuo, utatuambia nini kuhusu magari?" Ni kweli niliacha, na hata kozi yenyewe haikuwa ya magari. Ninayoyajua nimeyapata gereji, nikishika tochi na kuuliza maswali hadi mafundi wakanichoka, halafu usiku nasoma vitabu vya matengenezo vya kampuni zinazounda hayo magari. Kwa hivyo usinipime kwa cheti. Pima hoja.

Kwanza tuelewane kwa nini hizi chupa zinauzika. Shuka Kirinyaga Road kutoka upande wa Globe, ile barabara ambayo wengi bado tunaiita Grogan kwa jina lake la kikoloni, uone maduka ya spea yalivyobanana. Kaunta nyingi zina safu ya chupa za rangi: nyekundu, dhahabu, buluu. Rudi huku magharibi, Dagoretti Corner, Kawangware, Kangemi hadi Uthiru, utazikuta tena kwa maduka ya oili na kwa vituo vya mafuta. Nyingi nimeonyeshwa kwa bei ya chini ya elfu mbili. Sasa linganisha na giaboksi kufunguliwa, au kununua ile ya mtumba iliyotolewa kwa gari la Japani. Hapo unaongea makumi ya elfu, na gari inakaa gereji siku kadhaa bila kuingiza kitu.

Kama wewe ni dereva wa teksi za programu, na gari si yako, na mwenye gari anataka hesabu yake kila wiki, chupa ya elfu moja na mia tano haikai kama ujinga. Ndiyo kitu pekee dukani kinachotoshana na pesa iliyo mfukoni siku hiyo. Kwa hivyo wale wanaocheka wanunuzi wa hizi chupa wanikome. Watu hawanunui kwa sababu ni wajinga. Wananunua kwa sababu mwisho wa mwezi uko mbali na gari imeanza kuteleza leo.

Lakini kueleweka kwa nini mtu ananunua hakufanyi chupa ifanye kazi. Tuangalie mashine yenyewe.

Kwa giaboksi ya otomatiki, oili si ya kulainisha peke yake. Ndiyo inayobeba nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu mafundi wanaita konvata. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili. Injini inazungusha feni moja, oili inarushwa kwa nyingine, gari inasonga. Halafu oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu, inapita kwenye vijia vyembamba na valvu ndogo, inabana klachi ili gia ishike. Inabeba joto kutoka ndani na kulipeleka kwenye kipoza oili, ambacho kwa magari mengi kiko ndani ya rejeta. Inaosha uchafu na kuupeleka kwa chujio. Na juu ya hayo yote, ni lazima iwe na utelezi wa kiwango maalum: iteleze vya kutosha ili gia iingie bila kupiga teke, na ishike vya kutosha ili klachi isiungue.

Hicho kiwango cha utelezi kimeumiza watu vichwa muda mrefu. Huko Marekani, mafuta ya nyangumi, wale wanaoitwa sperm whale, yalikuwa yakitiwa kwenye oili za giaboksi za otomatiki kwa kazi hiyo hiyo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 sheria za kulinda nyangumi zilipofunga huo mlango. Wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Nawaambia hivi ili ujue kwamba oili ya giaboksi ni kemia iliyopimwa, na kwamba anayeongeza kitu ndani yake anabadilisha hicho kipimo. Wakati mwingine kwa faida. Mara nyingi kwa kubahatisha.

Sasa ndani ya chupa kuna nini? Ukisoma lebo kwa makini, utaona ahadi kumi, lakini kwa ujumla dawa hizi zinafanya moja kati ya mambo manne. Kuna zinazolainisha na kuvimbisha sili za mpira zilizokauka, ili zizibe tena. Kuna zinazobadilisha ule utelezi niliousema, kwa ajili ya gari inayotetemeka. Kuna zinazosafisha uchafu uliogandamana kwenye valvu. Na kuna zinazofanya oili kuwa nzito, ili presha ipande kidogo kwa giaboksi iliyochoka.

Ukiliweka hivyo, swali linakuwa rahisi: ugonjwa wa gari yako uko kwenye hiyo orodha?

Kama una Toyota ya zamani yenye otomatiki ya kawaida, ya gia nne, na inatokwa jasho la oili kidogo kwenye sili, dawa ya kulainisha mpira inaweza kukusaidia kwa muda. Kama konvata inatetemeka ukiwa unaenda mwendo wa wastani, kama vile unapita juu ya matuta madogo madogo, oili mpya pamoja na dawa sahihi ya utelezi inaweza kuituliza. Nimeona hayo yote mawili yakitokea. Siwezi kusimama hapa niseme kila chupa ni uongo.

Lakini klachi iliyoungua hairudishiwi nyama na chupa. Jino la gia lililovunjika haliunganishwi na oili. Solenoidi iliyokufa, ile inayofungua na kufunga njia za oili kwa umeme, ni kifaa cha umeme. Waya uliokatika ni waya. Maunti ya injini iliyopasuka inafanya gari ipige teke kila ukiingiza R, na watu wanamwaga dawa kwenye giaboksi ambayo haina kosa lolote. Na kama kipoza oili kimetoboka, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, utaona oili imegeuka rangi ya maziwa ya stroberi. Hapo kila kilomita unayoendesha ni hasara, kwa sababu hayo maji yanabandua gundi inayoshika bitana za klachi. Zima gari. Hakuna chupa ya hiyo.

Tuje kwa kitu ambacho wauzaji wengi hawakuulizi, na ni swali la kwanza kabisa: gari yako ina giaboksi ya aina gani?

Barabara zetu zimejaa magari madogo ya Japani, na kwa macho yote ni "otomatiki". Unaweka D, unaenda. Lakini ndani hayafanani hata kidogo. Vitz nyingi tunazoendesha na Nissan Note ya E12 zina CVT. Demio ya DJ inakuja na otomatiki halisi ya gia sita. Fit ya mseto ya kizazi cha tatu ina giaboksi ya klachi mbili, na klachi zenyewe ni kavu, hazikai ndani ya oili. Sasa niambie, mtu akiuziwa dawa ya oili ili kutibu mtetemo wa klachi ambayo haiguswi na oili, hiyo dawa itaifikiaje? Kwa maombi?

CVT ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Haina gia za hatua. Ina puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma katikati, au mnyororo kama Subaru wanavyofanya. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, na hivyo mwendo unabadilika bila kukatika. Kila kitu kinategemea chuma kushika chuma, na katikati kuna oili. Oili ya CVT imeundwa kufanya jambo gumu: kulinda chuma kisilike na wakati huo huo kukiacha kishikane.

Sasa mwaga hapo dawa ambayo sifa yake kwenye lebo ni "hupunguza msuguano". Msuguano ndio uliokuwa unakupandisha Kangemi! Mkanda ukianza kuteleza unachubua uso wa puli. Unga wa chuma unaingia kwenye oili, unafika kwenye valvu, na kutoka hapo hesabu ni mbaya. Kitabu cha Nissan kinasema wazi kwamba kutumia oili tofauti na ile ya CVT waliyoitaja kutaharibu giaboksi. Honda wana HCF-2 kwa CVT zao mpya, Nissan wana NS-3, Toyota wana FE. Hata kwa otomatiki za kawaida, Toyota wana T-IV na wana WS, na haziwekwi moja mahali pa nyingine. Halafu mtu anakuja na jeri la oili nyekundu isiyo na jina na kukuambia, "hii inaingia zote."

Ukisikia neno "inaingia zote", shika pochi yako.

Utajuaje una nini? Fungua boneti au mlango, tafuta kibati cha gari. Toyota wanaandika namba ya giaboksi pale palipoandikwa TRANS/AXLE. Piga picha. Hiyo namba, pamoja na namba ya chesi, inakuambia zaidi ya vile mtu yeyote wa kaunta anaweza kubahatisha kwa kuangalia gari kwa mbali.

Sasa kuna wale wanaosema, "Lakini mimi nilimwaga na gari ikapona." Sikatai kwamba ilibadilika. Nauliza ilibadilishwa na nini. Giaboksi nyingi zinazochelewa kushika zina tatizo moja la aibu: oili imepungua. Kuna mvujo mdogo, miezi imepita, kiwango kimeshuka, pampu inavuta hewa, gari inachelewa. Unamwaga chupa ya mililita mia tatu, kiwango kinapanda kidogo, gari inashika. Dawa inapewa sifa, na kumbe kilichosaidia ni kwamba umeongeza kitu chochote cha majimaji. Mvujo bado uko pale pale. Baada ya mwezi unarudi kununua nyingine, na muuzaji anakuita mteja mwaminifu.

Au ulibadilisha oili na kuweka dawa siku moja. Oili mpya ikafanya kazi yake, chupa ikachukua makofi.

Ndiyo maana siamini video za kabla na baada zilizopigwa siku moja. Nionyeshe ile gari baada ya miezi sita, ikiwa na abiria wanne na mizigo, jioni, Waiyaki Way imefunga na mvua inanyesha, inapanda na kusimama, inapanda na kusimama. Hapo ndipo giaboksi inachemka na hapo ndipo ukweli unatoka. Asubuhi ya Jumapili kwenye Expressway kila giaboksi ni nzima.

Hili si jambo la Nairobi peke yake, wala si la watu maskini peke yao. Mwaka 1997 huko Marekani, Tume ya Biashara ya serikali ilimalizana na watengenezaji wa Slick 50, dawa ya injini iliyokuwa maarufu sana, kuhusu matangazo yaliyodai mambo ambayo hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Hiyo ilikuwa ya injini, si ya giaboksi, lakini funzo ni lile lile: chupa inaweza kuuzwa miaka na miaka kwa ushuhuda wa watu walioridhika, na bado anayeulizwa "umepima wapi?" akakosa la kusema.

Na hapa lazima niseme kuhusu sisi tunaopiga video. Nimewahi kuletewa ofa ya kutangaza chupa ya aina hii. Maelekezo yalikuwa rahisi: tafuta gari inayosumbua, mwaga, endesha, tabasamu, usitaje kwamba umelipwa. Niliomba nipewe gari moja nifuatilie kwa miezi mitatu na niseme nitakachokiona. Mazungumzo yakaishia hapo. Sitaji jina, si lengo langu. Lengo ni wewe unayetazama ujiulize: huyu anayenionyesha chupa, akikosea, nani atalipia giaboksi? Si yeye. Na wenzangu tunaofanya hii kazi, kama umelipwa, sema umelipwa. Ni sentensi moja tu. Anayekutazama anaendesha gari ya mkopo.

Sasa kuna upande wa hizi dawa ambao ni mbaya kuliko wote, na hauongelewi. Kuuza gari.

Sheria yetu inaruhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa halijazidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari nyingi zinafika hapa zikiwa tayari zimezeeka nusu, na mara nyingi mnunuzi hajui oili ya giaboksi ilibadilishwa lini au kama iliwahi kubadilishwa. Zinaendeshwa hapa miaka mingine, kisha zinauzwa tena, na tena. Dawa inayofanya oili kuwa nzito inaweza kunyamazisha giaboksi mgonjwa kwa wiki chache. Wiki chache zinatosha kumpeleka mnunuzi mzunguko mmoja wa Ngong Road, apende gari, atume pesa, logbuku ibadilishwe. Yule mnunuzi labda ni mama aliyeuza shamba. Labda ni kijana aliyechukua mkopo aanze teksi. Giaboksi inakufa mikononi mwake, na anaambiwa, "uliiendesha vibaya."

Mtu akimwaga chupa ili afike mwisho wa mwezi kwa gari yake mwenyewe, hiyo ni hesabu yake. Akimwaga ili mwingine abebe hasara bila kujua, huo ni wizi, hata kama hakuna dirisha lililovunjwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kumficha mtu giaboksi iliyokufa ni kumnyima zote mbili.

Kwa hivyo ukinunua gari ya mkononi, fika bila kuitangazia saa kamili, uikute baridi. Iwashe mwenyewe. Ingiza R na D ukihesabu sekunde. Iendeshe angalau nusu saa hadi ipate joto sawasawa, na uipandishe mlima halisi. Lipa fundi wako, si wa muuzaji, aje na mashine ya kusoma makosa, na aangalie kama makosa yamefutwa karibuni. Ukiambiwa "hiyo haina haja, ni gari ya mtu binafsi", haja imeongezeka mara mbili.

Sasa tumalizie na dereva wa teksi, kwa sababu najua ananiuliza: "Sawa, umeongea. Lakini leo nifanye nini na elfu mbili yangu?"

Hiyo pesa, kaka, ianze kwa kujua. Lipia gari isomwe makosa. Angalia kiwango cha oili kwa njia ambayo kitabu cha gari hiyo kinasema, kwa sababu baadhi zina dipstiki na hupimwa injini ikiwa moto inanguruma, na nyingine hazina kabisa, zinapimwa kwa nati ya chini oili ikiwa kwenye joto maalum. Chovya kitambaa cheupe. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umeshajua chupa haitasaidia. Ikiwa imechakaa tu na haijaungua, anza kuweka akiba ya oili sahihi. Piga hesabu: tuseme chupa ni 1,500 na unanunua tatu ndani ya miezi miwili. Hiyo ni 4,500, na gari bado ni mgonjwa. Pesa hiyo ingekuwa imekusogeza karibu sana na kumwaga oili ya zamani, kuosha sampu na kuweka oili ya jina na namba iliyoandikwa kitabuni. Kwa giaboksi ambayo haijafa, hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Mtu atakutisha kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi iliyozeeka, inakufa. Hilo halikutoka hewani. Giaboksi ambayo klachi zake zimeshaungua inaweza kuwa inashikilia kwa ule uchafu uliojaa kwenye oili, na ukiweka oili safi inateleza waziwazi. Lakini hiyo ilikuwa imeshakufa, oili mpya imesoma tu tangazo la mazishi. Ndiyo maana tunapima kwanza, na tunamwaga kwa kawaida na kujaza, badala ya kuisukuma kwa mashine ya presha.

Na kama kweli una otomatiki ya kawaida, si CVT, si klachi mbili, na tatizo ni sili inayotoka jasho au konvata inayotetemeka, na lazima gari ifanye kazi hadi mwisho wa mwezi, basi nunua chupa moja. Moja. Iwe ile iliyotaja aina ya giaboksi yako kwenye lebo, imefungwa, kutoka duka ambalo litakupa risiti. Andika kilomita za siku hiyo kwenye simu. Halafu kila jioni weka kitu kando cha giaboksi, hata kama ni mia mbili. Umenunua muda, na muda ulionunuliwa unapaswa kutumika kutafuta pesa ya kazi yenyewe. Ukijikuta dukani kwa chupa ya pili, jua muda umeisha.

Hapo chini msiniwekee picha za chupa. Wekeni namba ya giaboksi kutoka kwenye kibati, kilomita, na gari inafanya nini: ikiwa baridi, ikiwa moto, kwenye mlima. Mafundi wawili watatu wanaosoma hapa huwa wanajibu, na mimi nitajibu ninayoweza. Na kama kuna muuzaji wa hizi dawa anasoma na anaona nimemwonea, karibu. Lete gari, tuiweke alama, tuifuate miezi sita hapa hapa kila mtu akiona. Oili nitanunua mimi.